Nahodha Slocum na Saa ya Bati

Wanafunzi wangu aghalabu huuliza iwapo lugha yaweza kudumu kwa mtu asiye na wa kusema naye. Badala ya kuwarundikia nadharia, huwasimulia maisha ya Joshua Slocum, mtu wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia akiwa peke yake chomboni.

Slocum alizaliwa tarehe 20 Februari 1844 katika jimbo la Nova Scotia, Kanada. Alitolewa shuleni akiwa na umri wa miaka 10 hivi ili amsaidie babake kushona buti, kazi aliyoichukia. Mamake alipofariki mwaka 1860, kijana akashika njia ya bahari. Alipanda kutoka ubaharia wa kawaida hadi unahodha kwa kujisomea mwenyewe hesabu za nyota na njia za majini. Mwaka 1871 alimwoa Virginia Walker mjini Sydney, Australia, naye bibi huyo akaishi merikebuni na kulea watoto humo humo, hadi alipofariki mwaka 1884 wakiwa Buenos Aires.

Wapo wanaomchora kama malaika. Hakuwa. Mwaka 1887 aliwapiga risasi mabaharia wawili walioasi katika merikebu yake, Aquidneck, mmoja wao akafa. Mahakama ya Brazil ilimwachilia. Kabla mwaka haujaisha merikebu yenyewe ikapanda mchanga na kuvunjika. Akaunda chombo kidogo kwa mikono yake, akakiita Liberdade, na mwaka 1888 akasafiri nacho hadi Marekani pamoja na mkewe wa pili, Hettie, na wanawe wawili.

Huko alikuta meli za mvuke zimetwaa biashara ya bahari. Ujuzi alioukusanya kwa miaka thelathini haukuwa tena na mnunuzi. Nadhani hapa ndipo kiini cha kisa chake kilipo, wala si katika ushujaa unaosifiwa sana. Huyu alikuwa mtu aliyeachishwa kazi na wakati.

Mwaka 1892 rafiki mmoja alimpa chombo kikuukuu, Spray, kilichokuwa kimeegemezwa kondeni huko Fairhaven, Massachusetts. Alikijenga upya kwa miezi 13, kwa gharama ya dola 553 na senti 62. Kilikuwa na urefu wa mita 11 na ushei. Majahazi mengi ya Lamu yangekipita. Tarehe 24 Aprili 1895, akiwa na umri wa miaka 51, aling'oa nanga Boston.

Siku za kwanza za Atlantiki ukungu ulimfunika, na upweke ukamwelemea. Akaanza kutoa amri kwa sauti, kana kwamba yuko baharia wa pili kwenye usukani, akimwuliza chombo kinaelekeaje. Asipojibiwa, sauti yake mwenyewe ikamtisha kwa utupu wake, akaiacha desturi hiyo. Baadaye akageukia kuimba. Nyimbo hizo, alivyosimulia mwenyewe kwa mzaha, ziliwafanya pomboo waruke juu zaidi. Sisi wanaisimu tunapenda kusema kwamba lugha ni mazungumzo. Slocum aliligundua jambo hilo pasipo kusoma hata ukurasa mmoja wetu, na akatafuta wasikilizaji alikoweza.

Safari ndefu kuliko zote aliifanya mwaka 1896, kutoka kisiwa cha Juan Fernandez hadi Samoa, siku 72 pasipo kutia nanga popote. Spray ilikuwa na sifa adimu: matanga yakipangwa sawasawa na usukani ukafungwa kwa kamba, iliishika njia yake yenyewe usiku na mchana. Nahodha akapata wasaa wa kulala, kupika na kusoma vitabu. Alikula viazi, biskuti na samaki wa chumvi, na asubuhi nyingine aliokota sitahani samaki wa kuruka walioanguka usiku.

Hakuwa na saa ya kuaminika. Ile ya kupimia longitudo ilihitaji dola 15 kutengenezwa, akaiacha nyumbani, akanunua saa ya bati iliyovunjika kioo kwa dola moja. Siku ya 43 baada ya kuondoka Juan Fernandez alipima umbali wa mwezi na jua ili ajue alipo. Hesabu ikamweka mamia ya maili mbali na alipodhani yupo. Walimu wenzangu, tafakarini: mwanafunzi wetu angefanya nini? Je, asingelifuata jedwali kwa kuwa limechapishwa kitabuni? Slocum alirudia vipimo, kisha akaanza kulikagua jedwali lenyewe, akagundua kosa ndani yake. Alipolisahihisha, hesabu ilitofautiana na makadirio yake kwa maili tano tu. Aliyeachishwa shule akiwa mtoto alikuwa amekikosoa kitabu, na alikuwa sahihi.

Katika Bahari ya Hindi alisafiri siku 23, maili 2,700, hadi visiwa vya Cocos, na kwa muda wote huo hakukaa kwenye usukani kwa zaidi ya saa tatu. Pwani yetu hakuifika. Huko Pretoria alikutana na Rais Kruger, aliyeshikilia kwamba dunia ni bapa na ambaye hakufurahia kusikia habari za kuizunguka. Na alipopita St Helena mwaka 1898 alipewa mbuzi, ambaye alikata kamba na kumla ramani ya visiwa vya Karibi. Alimwacha kisiwa cha Ascension.

Alitia nanga Newport tarehe 27 Juni 1898, baada ya maili zaidi ya 46,000. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1900 kimeandikwa kwa Kiingereza chepesi, chenye mzaha na kisicho na majigambo, ambacho wahitimu wengi wangekionea wivu. Lakini nchi kavu haikumpenda. Shamba alilonunua kisiwani Martha's Vineyard halikumtuliza, na mwaka 1906 alikaa korokoroni siku 42 kwa kesi ya aibu iliyomhusu msichana mdogo. Hettie hakufuatana naye tena baharini.

Novemba 1909 aliondoka Martha's Vineyard peke yake katika Spray, akielekea Amerika Kusini. Hakuonekana tena, wala chombo chake. Mahakama ilimtangaza kuwa amekufa mwaka 1924.