Habari za Franz Delitzsch, Rafiki wa Wayahudi

Yako maswali mawili yanayoulizwa mara nyingi katika madarasa ya kipaimara, kila tufikapo katika Waraka kwa Warumi, mlango wa 9 hata wa 11. La kwanza, kama Wayahudi wasiomkiri Kristo wamekataliwa na Mungu. La pili, kama imempasa Mkristo kuwapenda na kuwatetea watu wasioipokea Injili. Wakristo wa Kiinjili wameshindana juu ya mambo hayo tangu siku za Luther, wala hawajapatana hata leo. Kwa hiyo tumeona vema kuwaletea habari za Mlutheri mmoja aliyeyachukua maswali yote mawili moyoni mwake maisha yake yote.

Franz Delitzsch alizaliwa tarehe 23 Februari 1813 katika mji wa Leipzig, nchi ya Ujerumani. Sharika za Kilimanjaro zalijua jina la mji huo, kwa maana wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na Misioni ya Leipzig. Wazazi wake walikuwa watu maskini. Katika nyumba ile ile alikaa Myahudi mmoja mwuza vitabu vikuukuu, jina lake Hirsch. Mzee huyo alimpenda mtoto, akamsaidia apate kusoma. Kwa ajili ya urafiki huo wengine walinena baadaye ya kuwa Delitzsch mwenyewe ni Myahudi, lakini sivyo. Wazazi wake walikuwa Wakristo, naye alibatizwa akali mtoto mchanga. Basi, msomi mkubwa wa Kanisa alifikishwa shuleni kwa mkono wa Myahudi, wala hakulisahau jambo hilo.

Alipokuwa katika chuo kikuu imani yake iliamshwa kwa nguvu. Alijifunza elimu ya Mungu pamoja na Kiebrania, na katika vitabu vya marabi aliongozwa na Julius Fürst, mwalimu wa Kiyahudi. Mwaka 1836 alitoa kitabu juu ya historia ya mashairi ya Wayahudi, naye alikuwa kijana wa miaka 23 tu. Tangu mwaka 1846 alifundisha Rostock, tangu 1850 Erlangen, na mwaka 1867 alirudi Leipzig akakaa huko hata kufa kwake. Wachungaji wengi wamefaidiwa na vitabu vyake vya kufafanua Agano la Kale, hasa Zaburi, Ayubu na Isaya, alivyovitoa pamoja na mwenzake Keil.

Lakini kazi iliyokuwa karibu zaidi na moyo wake ni kulitafsiri Agano Jipya kwa Kiebrania. Zilikuwako tafsiri za kwanza, lakini aliona hazitoshi. Ilimpasa Myahudi aisomapo Injili aisikie katika lugha ya baba zake, wala si kama neno la wageni lililovikwa nguo za kuazima. Kwa sababu hiyo alichunguza Talmudi na maandiko ya kale, apate kujua jinsi watu wa siku za Bwana Yesu walivyonena. Mwaka 1870 alitoa Waraka kwa Warumi, na mwaka 1877 Chama cha Biblia cha Uingereza kilichapa Agano Jipya zima. Hakuona kwamba kazi imekwisha. Katika kila chapa aliendelea kusahihisha, na alipokufa mwenzake Gustaf Dalman akaishika kazi hiyo.

Sasa na tuyaangalie yale mashindano. Luther mwenyewe mwaka 1523 aliandika kwa upole, akiwakumbusha Wakristo ya kuwa Yesu alizaliwa Myahudi. Bali mwaka 1543, katika uzee wake, aliandika kitabu kikali cha kutisha, akiwashauri watawala wayachome moto masinagogi na kuzibomoa nyumba za Wayahudi. Urithi huo wa namna mbili ulibaki katika Kanisa letu. Wakati wa Delitzsch chuki iliwaka tena. Mwaka 1871 August Rohling, padri na mwalimu wa Kikatoliki, alitoa kitabu akidai ya kuwa Talmudi yawaamuru Wayahudi kuwadanganya na kuwadhuru Wakristo. Wala Waprotestanti hawakuwa safi. Tangu mwaka 1879 Adolf Stoecker, mhubiri wa jumba la Kaisari huko Berlin, aliwachochea watu katika mikutano juu ya Wayahudi.

Delitzsch hakunyamaza. Wengi waliokisifu kitabu cha Rohling hawakuweza kuisoma hata kurasa moja ya Talmudi, yeye aliweza. Mwaka 1881 alitoa jibu, akaonyesha jinsi Rohling alivyoyapotosha maneno na kuyakata vipande. Mwaka uliofuata binti mmoja alipotea katika kijiji cha Tiszaeszlár, nchi ya Hungaria, na Wayahudi wa mahali pale wakasingiziwa ya kuwa wamemwua ili watumie damu yake katika sikukuu ya Pasaka. Huo ni uongo wa zamani sana, uliokwisha kuwaua Wayahudi wengi katika Ulaya. Rohling aliutia nguvu uongo huo. Delitzsch akaandika tena mwaka 1883, akishuhudia ya kuwa katika vitabu vyote vya Wayahudi hakuna agizo la namna hiyo, tena sheria ya Musa yawakataza hata kula damu ya mnyama. Mwaka huo huo washitakiwa waliachiliwa na mahakama.

Hapa ndipo tunapoona tabia ya mtu huyu. Hakuwatetea Wayahudi kwa sababu aliona hawana haja ya Kristo. Tangu mwaka 1863 alitoa gazeti la kuwahimiza Wakristo kuwapelekea Injili, na mwaka 1886 aliweka Leipzig chuo cha kuwafundisha vijana kazi hiyo, wajue kwanza lugha na vitabu vya wale watakaowahubiri. Basi alilaumiwa huku na huku. Waliowachukia Wayahudi walimwona kuwa mtumishi wao. Na Wayahudi wengi, ijapokuwa walimshukuru kwa utetezi wake, walichukizwa na neno lake la kuwataka wabatizwe. Yeye hakuacha moja kwa ajili ya lingine.

Alikufa tarehe 4 Machi 1890. Yaliyofuata yanahuzunisha. Mwanawe Friedrich, msomi wa mambo ya Babeli, tangu mwaka 1902 alianza kulishusha Agano la Kale, na mwaka 1920 alitoa kitabu cha kulikataa kabisa. Mwaka 1935 chuo cha Leipzig kilifungwa chini ya utawala wa Hitler. Hata ilipofika mwaka 1945 Wayahudi kama milioni 6 walikuwa wameuawa, na kitabu kile cha Luther cha mwaka 1543 kilikuwa kimetumiwa na wauaji kuwa shahidi wao. Chuo kilifunguliwa tena Münster mwaka 1948. Mwaka 1984, katika mkutano wa Budapest, Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni lilipokea tamko la kuyakataa maneno hayo ya Luther.

Juu ya swali la kwanza Wakristo wangali wanagawanyika. Mwaka 1989 wainjili waliokutana Willowbank, katika kisiwa cha Bermuda, walishuhudia ya kuwa Injili ni ya Wayahudi pia. Mwaka 2016 sinodi ya Kanisa la Kiinjili la Ujerumani ilitamka ya kuwa Wakristo hawakuitwa kuwaongoa Wayahudi. Mtume Paulo ashika mambo mawili pamoja: huzuni yake kwa ndugu zake, na ahadi ya Mungu isiyobatilishwa. Nasi tulio matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa tumekatazwa kujisifu juu ya shina.

Bali swali la pili lina jibu, nalo limo katika Katekisimo Ndogo tunayowafundisha watoto. Ufafanuzi wa Amri ya Nane watuagiza tusimsingizie jirani, bali tumtetee na kumnenea mema. Luther aliyeandika hayo ndiye aliyeyavunja mwaka 1543, Delitzsch aliyatii.

Kwa hiyo enyi walimu, mfundishapo habari za mateso ya Bwana siku ya Ijumaa Kuu, msiwafundishe watoto ya kuwa Wayahudi wote ndio waliomwua. Mwambieni kila mtoto ya kuwa ni kwa ajili ya dhambi zetu sote. Tena mkisikia habari mbaya ya kabila au dini yo yote, ulizeni kwanza kama msemaji amevisoma vitabu vyao, au amesikia tu. Atakaye kumwombea mtu apate wokovu, na aanze kwa kuacha kumshuhudia uongo.