Michael Faraday na gesi iliyogeuka kimiminika
Wengi tunamfahamu Michael Faraday kwa umeme. Lakini mtoto huyu wa mhunzi, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1791 na kuanza maisha kwa kujalidi vitabu, alitufundisha mengi pia kuhusu gesi.

Mwaka 1823, jijini London, alipasha moto fuwele za klorini na maji ndani ya mrija wa kioo uliozibwa. Gesi iliyotoka ilikosa nafasi, ikagandamizwa hadi ikawa kimiminika. Mirija mingine ililipuka, vipande vikamjeruhi macho. Hakukata tamaa. Mwaka 1845 aliongeza baridi kali, akafaulu kwa gesi nyingine kadhaa, ingawa oksijeni ilimshinda.

Alifariki mwaka 1867. Gesi yetu ya kupikia hukaa mtungini ikiwa kimiminika kwa mgandamizo uleule.