Daktari Lukwiya: Mwanafunzi Bora Aliyerudi Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Congo ikaingia Kasese. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka 5, ambaye jamaa zake walitoka kumzika babu yao huko Congo. Alipokewa hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera kwenye kituo cha kuwatenga wagonjwa, akafa huko. Mdogo wake na bibi yake nao wakafa. Tuliogopa kwamba soko la Mpondwe lote lingeambukizwa, lakini alhamdulillahi, halikuambukizwa. Kituo cha Bwera kilikuwa tayari, na wahudumu walikuwa wamefundishwa na wengi wao kuchanjwa. Uganda ilijifunza maandalizi hayo kwa gharama kubwa, na mmoja wa walioilipa kwa uhai wao ni Dkt. Matthew Lukwiya.

Lukwiya alizaliwa Novemba 1957 huko Kitgum, Uganda ya kaskazini. Alipokuwa na miaka 12 baba yake alikufa maji, akalelewa na mama aliyefanya biashara ndogondogo. Darasani aliongoza, akasoma kwa misaada ya masomo hadi akahitimu udaktari Makerere. Mwaka 1983 alianza kazi hospitali ya St. Mary's Lacor, Gulu, chini ya Dkt. Piero Corti na mkewe Dkt. Lucille Teasdale.

Wakati huo kaskazini kulikuwa na vita. Ijumaa Kuu ya 1989 waasi waliingia hospitalini wakitaka kuwachukua masista. Lukwiya aliwaomba wamchukue yeye badala yao. Walimtembeza porini kwa wiki nzima akiwa na koti lake la udaktari, kisha wakamwachia. Akarudi kazini.

Mwaka 1990 alikwenda Uingereza, chuo cha Liverpool School of Tropical Medicine, kusomea shahada ya uzamili ya tiba ya watoto wa nchi za joto. Alama zake zilivunja rekodi ya chuo, akapewa nafasi ya kubaki kufundisha. Ndugu yangu, tafakari nafasi hiyo: mshahara wa Ulaya, usalama, na heshima ya mwalimu wa chuo kikubwa. Nyumbani kulikuwa na bunduki na wagonjwa waliolala sakafuni. Alirudi Lacor mwishoni mwa 1991.

Elimu ile ilipata siku yake miaka tisa baadaye. Oktoba 2000 Lukwiya alikuwa Kampala akisomea shahada nyingine, ya afya ya jamii. Alipigiwa simu kwamba watu wanakufa Lacor kwa ugonjwa usiojulikana, wakiwemo wanafunzi wa uuguzi. Jioni hiyohiyo alikuwa Gulu. Usiku alikaa na mafaili ya wagonjwa 17 waliokufa, akalinganisha dalili zao na maandishi ya Shirika la Afya Duniani. Jibu alilolipata lilikuwa Ebola. Hakusubiri maabara. Alitoa taarifa wizarani, akafungua wodi ya kuwatenga wagonjwa na kuwapa wauguzi mavazi ya kujikinga. Majibu ya vipimo yalipokuja kutoka Afrika Kusini, kazi ilikuwa imeshaanza.

Novemba wauguzi walikufa mmoja baada ya mwingine, na waliobaki wakataka hospitali ifungwe. Lukwiya alikutana nao kwa saa nyingi, akasikiliza hofu na hasira yao, na mwisho wakakubali kubaki. Alikuwa na haki ya kuwaomba, kwani yeye mwenyewe aliingia wodini kila siku. Usiku mmoja alimhudumia muuguzi aliyekuwa akitokwa damu nyingi. Alivaa barakoa na glavu, lakini hakuwa na kinga ya macho. Alikufa 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43. Wahudumu 12 wengine wa Lacor walikufa katika mlipuko ule. Ulipotangazwa kwisha Februari 2001, watu 425 walikuwa wameugua na 224 wamekufa.

Lukwiya alikuwa Mkristo. Dini yetu inatuamrisha uadilifu, na kumsifu mtu kwa jema alilofanya ni uadilifu. Tena Qur'ani inatufundisha kwamba anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote, na Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia penye tauni na kuikimbia uliyopo.

Kwa sisi tunaosoma elimu ya dini, kisa hiki kinatuwajibisha. Gulu mazishi yalisambaza ugonjwa, na Kasese ulifuata mazishi. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza, na sisi tunaosha maiti wetu kwa mikono. Siku ikirudi, daktari atazuia josho na familia itakasirika. Nani atawaeleza kwamba kulinda uhai ni katika makusudio ya sharia, na kwamba wanazuoni wameruhusu kuacha josho panapokuwa na dharura? Haitoshi kuijua ruhusa hiyo kwa ajili ya mtihani. Tuisome vizuri sasa, tukae na wenzetu wa udaktari, ili tukiitwa Bwera tuwe na la kusema.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na moyo wa kuirudisha nyumbani. Amin.