Choi Jin-sil: Nyota wa runinga aliyeacha sheria kwa watoto wa Korea

JULAI 1, 2013 sheria mpya ilianza kutumika nchini Korea Kusini. Inaelekeza kwamba endapo mzazi aliyekabidhiwa watoto baada ya talaka atafariki dunia, mzazi mwenzake aliye hai hatapewa tena mamlaka juu ya watoto hao moja kwa moja. Ni lazima mahakama ya familia ipime kwanza kama anafaa.

Katika vitabu vya serikali, hayo ni marekebisho tu ya sheria ya kiraia. Mitaani na magazetini, Wakorea huyaita Sheria ya Choi Jin-sil.

Mwenye jina hilo hakuwa mbunge wala mwanasheria. Alikuwa mwigizaji wa tamthiliya za runinga, na alikuwa ameshalala kaburini kwa karibu miaka mitano sheria hiyo ilipoanza kutumika. Kwa miaka 20 aliigiza mbele ya taifa zima kama mchumba, bibi harusi, mkwe, mke aliyesalitiwa na mama aliyeachwa. Mengi kati ya hayo yalikuja kumfika pia nje ya kamera.

Choi Jin-sil alizaliwa Desemba 24, 1968 jijini Seoul, mtoto wa kwanza wa familia iliyoishi kwa dhiki. Wazazi wake walitengana, na mama yake akabaki na mzigo wa kuwalea yeye na mdogo wake wa kiume, Choi Jin-young, kwa kuuza chakula kibandani kando ya barabara, kazi isiyo tofauti sana na ile ya mama lishe wa Dar es Salaam.

Chakula cha nyumbani mwao kwa siku nyingi kilikuwa sujebi, supu ya vipande vya unga wa ngano uliokandwa, ambayo Wakorea wa kizazi kile waliijua kama mlo wa maskini. Baadaye, alipokuwa na fedha za kutosha, hakuificha historia hiyo. Aliisimulia mara nyingi kiasi kwamba watu walimtania kwa kumpa jina la chakula hicho.

Alipomaliza sekondari hakuendelea na masomo ya juu. Akaanza kutafuta kazi katika matangazo ya biashara, na mwaka 1988 alionekana kwa mara ya kwanza katika tamthiliya ya kihistoria ya kituo cha MBC. Nafasi ilikuwa ndogo na haikumpa jina.

Kilichompa jina ni tangazo la mashine ya video ya kampuni ya Samsung, mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndani yake alikuwa mke kijana aliyeolewa karibuni, mwenye sauti nyororo na tabasamu la utundu. Ujumbe wake ulikuwa kwamba mume huwa vile mkewe anavyojua kumtunza. Maneno hayo yalienea nchi nzima, na binti wa muuza chakula akawa kipenzi cha kila sebule.

Mwaka 1990 aliigiza katika filamu mbili zilizomthibitisha, moja ikihusu wapiganaji wa msituni wakati wa vita vya Korea na nyingine, My Love, My Bride, ikihusu maisha ya wanandoa wapya. Hata hivyo, ni runinga iliyomfanya malkia.

Mwaka 1992 MBC ilirusha tamthiliya ya Jealousy, yenye sehemu 16. Choi na mwigizaji Choi Soo-jong walikuwa marafiki wa muda mrefu wanaochelewa kutambua kwamba wanapendana. Leo hadithi ya namna hiyo inaonekana ya kawaida, lakini wakati ule ilikuwa mpya. Tamthiliya nyingi za Korea zilisimulia mateso ya vizazi vilivyopita, ugomvi wa wakwe na umaskini. Hii iliwaonyesha vijana wa mjini wenye kazi zao, magari yao na uhuru wa kuchagua. Wachambuzi wengi huihesabu kuwa mwanzo wa tamthiliya za kisasa za mapenzi nchini humo.

Miaka mitano baadaye ulifika mwaka wake mkubwa. Katika Star in My Heart ya mwaka 1997 aliigiza msichana yatima anayependwa na wanaume wawili, mmoja wao akiwa mwimbaji maarufu aliyechezwa na Ahn Jae-wook. Tamthiliya hiyo ilivuka mipaka hadi China na ni miongoni mwa kazi za mwanzo zilizofungua njia ya wimbi la burudani ya Kikorea ambalo baadaye lilifika hadi Afrika Mashariki.

Oktoba mwaka huohuo ilianza You and I, tamthiliya ya familia iliyorushwa mwishoni mwa juma. Nchini Korea, saa hizo za Jumamosi na Jumapili jioni ni za babu, wazazi na wajukuu kukaa pamoja, na hadithi zake hutungwa kwa ajili ya wote. Choi alikuwa mwanamke anayeolewa katika nyumba ya mzee wa baharini, aliyechezwa na mkongwe Choi Bool-am, na kulazimika kujifunza tabia za baba mkwe na mashemeji.

Tamthiliya ikiwa hewani, uchumi wa Korea ulianguka. Novemba 1997 serikali iliomba mkopo wa dharura kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, makampuni yakafilisika na wafanyakazi wakapoteza ajira. Katika kipindi hicho cha hofu, kiwango cha utazamaji wa You and I kilipita asilimia 60. Mwisho wa mwaka MBC ilimpa Choi tuzo yake kuu ya uigizaji.

Desemba 5, 2000 aliolewa na Cho Sung-min, mchezaji wa besiboli wa klabu ya Yomiuri Giants ya Japani, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mitano. Vyombo vya habari viliishangilia ndoa hiyo kama mwisho mwema wa tamthiliya. Mtoto wa kiume alizaliwa mwaka 2001.

Furaha haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2002, Choi akiwa mjamzito wa mtoto wa pili, habari za kutengana kwao zilijaa magazetini. Agosti 2004 mumewe alimpiga na polisi wakaingilia kati. Picha za uso wake uliovimba zilionekana na taifa zima. Mwezi uliofuata walipeana talaka, na Choi akabaki na watoto wawili.

Hapo ndipo ulipoonekana ugumu wa kuwa mwanamke maarufu katika jamii iliyothamini sana sura ya familia isiyo na doa. Kampuni moja ya ujenzi, ambayo alikuwa ametangaza nyumba zake, ilimfungulia kesi ikidai fidia. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa kuonyesha majeraha yake na kueleza ugomvi wa ndani, alikuwa ameshindwa kulinda heshima ambayo mkataba ulimtaka ailinde. Mahakama ya rufaa ilimpa ushindi Choi. Mwaka 2009, yeye akiwa tayari marehemu, Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo na kuipa haki kampuni. Wanaharakati wa haki za wanawake walipinga vikali, wakiona kuwa aliyepigwa alikuwa akiadhibiwa kwa kutoficha kipigo.

Wengi waliamini kwamba kazi yake imekwisha. Mwanamke aliyeachika, mwenye watoto wawili na umri unaokaribia miaka 40, hakuwa na nafasi katika matangazo ya bidhaa za nyumbani.

Agosti 2005 alirudi kupitia kituo cha KBS katika tamthiliya ya My Rosy Life. Safari hii hakuwa mrembo. Alikuwa Maeng Soon-yi, mama wa nyumbani mwenye nywele zisizochanwa na nguo kuukuu, anayebana kila senti ili mumewe na watoto waishi vizuri. Mume anapata mwanamke mwingine. Mke anagundua kwamba ana saratani ya tumbo.

Wakorea waliotazama walijua wanamtazama nani, na wanawake waliokuwa wamepita njia hiyo waliona kuna mtu anayesema kwa niaba yao. Utazamaji ulipita asilimia 40. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na Choi hakuhitaji kufundishwa namna ya kuigiza mke aliyesalitiwa.

Wakati huohuo sheria za familia zilikuwa zikibadilika. Kwa miongo mingi Korea Kusini ilikuwa na utaratibu wa kuandikisha kila familia chini ya mwanamume mmoja kama mkuu wa kaya. Watoto walibeba jina la ukoo la baba na kubaki katika daftari lake hata kama talaka imetolewa na mama ndiye anayewalea. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba utaratibu huo unakiuka katiba, na ukafutwa rasmi kuanzia Januari 1, 2008.

Choi alikuwa miongoni mwa watu maarufu wa kwanza kuitumia nafasi hiyo. Aliomba mahakama iwabadilishie watoto wake jina la ukoo, na Mei 2008 ombi likakubaliwa. Kutoka Cho wakawa Choi. Kwa mtu wa nje ni tofauti ya herufi moja tu. Kwa mama aliyelea peke yake, ni kutambuliwa kwamba naye ni familia kamili.

Mwaka huo ulianza vizuri pia kazini. Katika Last Scandal of My Life ya MBC, aliigiza mama wa nyumbani wa miaka 39 anayekutana tena na mpenzi wake wa kwanza, ambaye sasa ni nyota wa filamu. Watazamaji walifurahi kuona mwanamke wa rika hilo akipewa hadithi ya mapenzi na kicheko, na maandalizi ya mwendelezo wake yakaanza.

Mwendelezo huo hakuufikia. Septemba 2008 mwigizaji Ahn Jae-hwan, mume wa rafiki yake wa karibu, alikutwa amekufa akiwa na madeni makubwa. Katika mtandao wa intaneti ukazuka uvumi kwamba Choi ndiye aliyemkopesha won bilioni 2.5 na kumbana alipe. Choi alikanusha na kwenda polisi kuomba uchunguzi. Mfanyakazi mmoja wa kampuni ya hisa alihojiwa kwa kusambaza uvumi huo, lakini maneno hayakukoma. Watu wasioonyesha sura walimwandikia matusi usiku na mchana, wakigusa hadi talaka yake na watoto wake.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walinena wahenga. Asubuhi ya Oktoba 2, 2008 Choi Jin-sil alikutwa amefariki nyumbani kwake Seoul. Polisi walihitimisha kuwa alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 39, na ndugu zake walieleza kwamba tangu talaka alikuwa akisumbuliwa na sonona.

Siku chache baadaye chama tawala kilipendekeza sheria kali dhidi ya matusi ya mtandaoni, na baadhi ya wanasiasa wakaipa jina lake. Upinzani ulikataa, ukidai serikali inatumia msiba kuwaziba midomo wakosoaji. Muswada huo haukupita. Masharti ya kutumia jina halisi katika tovuti kubwa, yaliyokuwepo tangu mwaka 2007 na kupanuliwa baada ya kifo chake, nayo yalifutwa na Mahakama ya Katiba Agosti 2012.

Sheria iliyodumu kwa jina lake ilitoka kwingine kabisa. Wiki chache baada ya mazishi, ilibainika kwamba kwa mujibu wa sheria ya wakati ule mamlaka juu ya watoto yangemrudia baba yao, pamoja na usimamizi wa mali walizoachiwa, ingawa alikuwa ameyaachia wakati wa talaka. Bibi yao, yule aliyewahi kuuza chakula kibandani, ndiye aliyekuwa akiwalea.

Akina mama wanaolea watoto peke yao walijitokeza hadharani kupinga. Kila mmoja alijiuliza nani angewachukua watoto wake endapo angekufa kesho. Desemba 2008 Cho alikubali kuachia haki hizo, na bibi akawa mlezi halali. Mjadala haukufa. Mwaka 2011 bunge lilirekebisha sheria, na miaka miwili baadaye ikaanza kutumika.

Misiba iliendelea kuiandama nyumba hiyo. Machi 2010 mdogo wake, Choi Jin-young, aliyekuwa mwigizaji na mwimbaji, naye alijiua. Januari 2013 Cho Sung-min alifariki kwa njia hiyohiyo. Watoto walikulia mikononi mwa bibi yao.

Kuhusu matusi ya mtandaoni, hatua ilichukuliwa baada ya vifo vingine. Oktoba 2019 kampuni ya Daum ilifunga sehemu ya maoni katika habari za wasanii, na Machi 2020 Naver ikafuata.

Majivu ya Choi Jin-sil yamehifadhiwa katika makaburi ya Gapsan, Yangpyeong, mashariki mwa Seoul, pamoja na ya mdogo wake. Kila Oktoba 2 jamaa na mashabiki hukusanyika hapo kumkumbuka. Baadhi yao huja kwa ajili ya tamthiliya walizozitazama ujanani. Wengine ni wanawake wanaolea watoto peke yao, ambao leo, wakifa, watoto wao hawatakabidhiwa kwa mtu yeyote kabla hakimu hajauliza kwanza nani aliyekuwa akiwalea.