Matt Talbot: Mlevi Aliyejifunza Kuumia Bila Chupa

Leo nawaletea habari za kibarua mmoja wa jiji la Dublin, Ayalandi, aliyeitwa Matt Talbot. Katika parokia nyingi duniani, hasa kwenye familia zenye mlevi nyumbani, jina lake si geni.

Alizaliwa tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya watoto 12 wa familia maskini. Baba yake alikuwa mnywaji. Shule aliiacha mapema, na alipokuwa na miaka kama 12 akapata kazi kwa wafanyabiashara wa pombe, akijaza chupa. Hapo ndipo alipoanza kuonja. Kisha akahamia bandarini, kwenye maghala ya wiski, halafu akawa kibarua wa waashi. Kazi alikuwa anaijua na hakuwa mvivu, lakini Jumamosi mshahara ulikwenda moja kwa moja kwa mwenye baa, na siku chache baadaye ulikuwa umekwisha. Akaanza kukopa. Wakati mwingine aliweka rehani viatu vyake akarudi nyumbani peku. Kuna siku yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla wa mitaani fidla yake, wakaiuza, wakanywa. Yule mtu alikula kwa fidla hiyo.

Wapo wanaosema pombe si dawa za kulevya. Mimi naona tofauti kubwa ni kwamba pombe ina leseni. Teja na mlevi hukimbia kitu kilekile, na kitu hicho mara nyingi kimo kifuani mwao. Mtoto aliyeanza kulewa akiwa na miaka 12 amejifunza lini kuitambua huzuni yake? Kila hasira ikichungulia inamwagiwa kinywaji, na aibu na upweke vivyo hivyo. Mwishowe mtu ana miaka 28 na hawezi kueleza anachohisi. Anajua tu kwamba ana kiu.

Matt alikuwa na miaka hiyohiyo 28 ile Jumamosi ya mwaka 1884. Wiki nzima hakuwa amefanya kazi, kwa hiyo mfukoni hamkuwa na kitu. Akasimama karibu na baa kuwangoja wenzake watoke kulipwa, akiamini watamnunulia, maana yeye alikuwa amewanunulia mara nyingi mno. Wakapita. Wengine walimsalimu, wakaingia ndani, na hakuna aliyemkaribisha.

Lile jambo lilimchoma. Siku nyingine angeuzamisha uchungu huo katika bilauri, lakini siku ile bilauri haikuwapo. Huenda ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi kuumia akiwa na akili zake timamu, akaona wazi kilichomuumiza: alidhani anapendwa, kumbe aliyependwa ni mshahara wake. Akarudi nyumbani mchana kweupe. Mama yake alishangaa kumwona amerudi mapema, na tena mkavu. Akamwambia mama kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama, aliyekwisha kusikia mengi, akamwonya asiende kama hana nia ya kuitimiza, kisha akamwombea baraka. Siku hiyohiyo Matt akaenda chuo cha mapadre cha Clonliffe, akaungama, akaahidi miezi mitatu.

Miezi ile ilikuwa ya mateso, na alimwambia mama yake kwamba ikiisha tu, atakunywa. Saa mbaya zaidi ilikuwa jioni baada ya kazi, wenzake walipokuwa wakielekea baa. Saa hiyo akawa anakwenda kanisani, akikaa huko mpaka usiku. Hata hivyo siku moja miguu ilimpeleka baa. Akaingia, akasimama kaunta, na mhudumu akawa anaongea na wateja wengine kana kwamba hakumwona. Matt akaudhika, akatoka, akaenda kanisa la Wajesuiti akaketi humo. Tangu hapo aliacha kutembea na fedha mfukoni.

Tazama jambo hili kwa makini, msomaji wangu. Mara mbili alidharauliwa, na dharau ndiyo inayowarudisha wengi kwenye kilevi. Yeye mara zote mbili aliubeba uchungu ule akaupeleka kwa mtu au mahali pa kuusikiliza: kwanza kwa mama, kisha kwa Mungu. Mwinjili Marko, sura ya 15, anasimulia kwamba pale Golgotha askari walimpa Bwana wetu divai iliyotiwa manemane, naye hakuipokea. (Hilo halimkatazi mgonjwa kumeza dawa aliyoandikiwa na daktari.) Bwana aliingia katika uchungu ule akiwa macho, na msalabani akaulilia kwa sauti.

Miezi mitatu ikawa sita, kisha maisha yote, zaidi ya miaka 40. Madeni yake aliyalipa. Mpiga fidla alimtafuta jijini kwa muda mrefu, asimpate, akaishia kumtolea Misa. Wakati wa mgomo mkubwa wa mwaka 1913, fedha ya msaada aliyopewa aliwagawia wenzake wenye watoto. Kabla ya kazi alihudhuria Misa ya alfajiri, usiku alilala juu ya ubao, na alipokufa walikuta minyororo ya toba mwilini mwake. Hiyo ya minyororo mimi siwashauri.

Alianguka njiani akienda Misa, Jumapili ya Utatu Mtakatifu, tarehe 7 Juni 1925. Hakuwa na kitu cha kumtambulisha. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa.

Mwili wake sasa uko katika kanisa la Mama Yetu wa Lourdes, Sean McDermott Street. Mtaa huo na jirani zake ndio walioumizwa sana na heroini kuanzia miaka ya 1980, na akina mama wengi huko walizika vijana wao. Karibu na hapo, Buckingham Street, mwaka 2000 familia hizo ziliwekewa kumbukumbu: mlango ulio wazi, na ndani yake mwali wa moto. Imepewa jina la Nyumbani.