Abebe Bikila: Miguu ilipokataa, mikono ikaanza mazoezi

Ukimtaja Abebe Bikila kwa wazee wanaofuatilia michezo, watakusimulia habari ya miguu yake. Ndiye Mwethiopia aliyekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Roma, Septemba 10, 1960, bila viatu, akamaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Leo nataka nikusimulie sehemu ya maisha yake isiyosimuliwa sana. Nakusimulia hasa wewe mwenye ndugu aliyeanguka mtini akirina asali, au kijana aliyepinduka na bodaboda, na sasa yuko chumbani, miguu haina nguvu, na nyumba nzima imeanza kuzungumza kwa sauti ya chini.

Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932, akakulia katika familia ya wafugaji, baadaye akaingia kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko alikonolewa na kocha kutoka Sweden, Onni Niskanen. Mwaka 1964 alishinda tena marathoni, safari hii Tokyo, wiki kama tano tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. (Usimuige katika hilo. Ukitoka kwenye upasuaji, muulize daktari wako.) Alipovuka mstari hakuanguka kwa uchovu. Alikwenda kwenye nyasi akaanza kunyoosha viungo mbele ya watazamaji. Mexico, mwaka 1968, maumivu ya mguu yalimtoa njiani. Ni mbio zile zile ambazo jirani yetu wa Mbulu, John Stephen Akhwari, alizimaliza akiwa ameumia goti.

Usiku wa Machi 22, 1969, Bikila alikuwa akiendesha gari lake dogo aina ya Volkswagen. Likapinduka, naye akabanwa ndani mpaka kulipokucha. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia shingoni. Mwanzoni hakuweza hata kugeuza kichwa.

Hapa nisimame kidogo. Majeruhi wengi hubebwa vibaya kabla ya kufika hospitali: mmoja ameshika mikono, mwingine miguu, kiuno kinaning'inia, kisha anakalishwa nyuma ya pikipiki. Mtu aliyeanguka au kupinduka akilalamika shingo au mgongo, au akisema hahisi miguu, asikalishwe. Mlaze kwenye ubao au mlango uliong'olewa, watu wanne au watano wamwinue kwa pamoja, na mmoja ashike kichwa kisiyumbe. Uti uliojeruhiwa kidogo unaweza kumalizwa na mikono yenye huruma.

Bikila alipelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa huko miezi kama minane. Kitengo kile kilianzishwa mwaka 1944 na Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler. Kabla yake, mtu aliyevunjika uti wa mgongo alilazwa tu. Wengi walikufa baada ya muda mfupi, wakiuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann aliagiza mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na mkojo utunzwe kwa usafi. Kisha akaongeza jambo lililowashangaza wenzake, yaani michezo. Julai 29, 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, aliwashindanisha wagonjwa 16 kulenga shabaha kwa upinde, wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Mashindano ya Paralimpiki yamezaliwa hapo.

Kwa nini upinde? Kuuvuta kunaimarisha mabega na mgongo wa juu, na kunamfundisha mtu asiyehisi kiuno chake namna ya kukaa bila kuanguka. Misuli hiyo hiyo ndiyo atakayoitumia kujihamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti kwenda chooni.

Mikono ya Bikila ilirudi polepole. Miguu haikurudi kamwe. Mwaka 1970 alishindana kwa upinde na tenisi ya meza katika michezo ya Stoke Mandeville, na mwaka 1971 akaenda Norway, akashinda mbio za sleji za kilomita 25 juu ya theluji.

Najua unachoniuliza: daktari, upinde na sleji tutavipata wapi hapa Singida? Huvihitaji. Waethiopia wana ngoma iitwayo eskista, inayochezwa zaidi kwa mabega na kifua. Hata mtu aliyekaa anaweza kuicheza. Na sisi tunazo ngoma zetu. Mfupa ukishaunga na mtaalamu wa fiziotherapia akikuruhusu, mkalishe mgonjwa vizuri, mwenzake akae karibu asije akaanguka, kisha pigeni makofi, muimbe, arushe mabega na kunyoosha mikono kwa mapigo. Mpe ngoma apige mwenyewe. Mtoto utakayembembeleza ainue mkono mara 10 atalia ikifika ya 4. Mpigie wimbo anaoupenda, atainua mara 40 bila kuhesabu. Mtu mzima naye hana tofauti kubwa, ila anaona aibu kukiri.

Miguu isiyojongea, ichezeshe wewe. Asubuhi na jioni kunja na kunyoosha goti, kifundo na nyonga, taratibu, ili viungo visikakamae. Akiwa kwenye kiti, ajiinue kwa mikono au aegemee upande mmoja kila baada ya dakika 15 hadi 30, makalio yapumue. Kila jioni kagua ngozi yake. Wekundu usioondoka ndio mwanzo wa kidonda. Na asifichwe ndani: harusi ikiwepo, naye apelekwe.

Mwaka 1972 Bikila alialikwa kwenye Olimpiki ya Munich, akapokewa uwanjani akiwa kwenye kiti chake. Alifariki Oktoba 25, 1973, kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na miaka 41. Mfalme mwenyewe alihudhuria mazishi.

Neno moja kwa wanaomtunza mtu aliyeumia shingoni au mgongo wa juu. Akipata ghafla kichwa kinachogonga sana, uso ukawa mwekundu na jasho likamtoka, usimlaze. Mkalishe wima, legeza nguo zinazobana, angalia kama mpira wa mkojo umekunjika au umeziba. Mara nyingi kibofu kilichojaa ndicho kinachopandisha presha. Isipotulia mara moja, mkimbizeni hospitali akiwa amekaa, na mwambieni anayewapokea kwamba mgonjwa huyu aliumia uti wa mgongo.