Patrice Lumumba: Karani wa posta ambaye shule haikumfanya mtiifu

Katikati ya Aprili 1964, vita vililipuka katika bonde la Ruzizi, kwenye tambarare inayoanzia kaskazini mwa Ziwa Tanganyika na kupita Luvungi hadi Kamanyola. Vijana wa vijiji vya Wafulero walishika mikuki, mapanga na bunduki chache. Mwezi mmoja baadaye, mji wa Uvira ulikuwa mikononi mwa waasi.

Walipigana kwa jina la mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona: Patrice Emery Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyekuwa ameuawa miaka mitatu kabla.

Wengi wa wapiganaji hao walikuwa wameishia shule ya msingi au hawakusoma kabisa. Serikali iliyompeleka Lumumba kwenye kifo chake ilikuwa imejaa vijana wa chuo kikuu. Ni rahisi basi kusema kwamba wasomi walikuwa upande mmoja na wasiosoma upande mwingine. Lakini maisha ya Lumumba mwenyewe, mtu aliyekuwa katikati ya makundi hayo mawili, yanasimulia habari yenye mikunjo zaidi.

Mtoto wa Onalua

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, eneo la Katako-Kombe, Sankuru, katika familia ya Watetela. Alipita shule za wamisionari, Wakatoliki na Wamethodisti, lakini hakumaliza sekondari.

Akiwa kijana wa miaka 18 hivi alifika Kindu na kupata kazi katika kampuni ya madini ya bati. Kisha akaenda Stanleyville, Kisangani ya leo, akaajiriwa kuwa karani. Mwaka 1947 alipelekwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kusomea kazi ya posta kwa miezi kadhaa. Mengine yote aliyoyajua aliyapata kwa kusoma mwenyewe usiku na kwa masomo ya njia ya barua.

Alisoma bila kuchoka. Aliandika makala katika magazeti ya wakati huo, akaongoza vyama vya watu waliosoma, na mbali na Kifaransa na Kitetela alizungumza Kiswahili, Lingala na Kiluba. Lugha hizo zingemfaa baadaye kuliko cheti chochote.

Hati ya ustaarabu

Wabelgiji walikuwa na hesabu yao kuhusu elimu. Walijenga shule nyingi za msingi, kiasi kwamba kufikia 1960 watoto zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa madarasani. Njia ya kwenda juu, hata hivyo, waliibana sana. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na kile cha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Walioamua hivyo waliamini kwamba nchi isiyo na wasomi wakubwa isingekuwa na wapinzani wakubwa.

Kwa wachache waliovuka shule ya msingi na kupata kazi za ofisini palikuwa na cheo maalumu. Waliitwa evolue, yaani watu waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mwenye bahati aliweza kuomba hati iliyomkaribisha kwenye haki za Mzungu mbele ya sheria. Kwanza alihojiwa, na nyumba yake ikakaguliwa: vyombo vya mezani, usafi, mke na watoto wanavyoishi.

Lumumba aliiomba hati hiyo. Mara ya kwanza alikataliwa. Alikata rufaa, na mwaka 1954 akapewa.

Wakati huo hakuwa mpinzani wa utawala. Alikuwa aina ya mtu ambaye shule ya kikoloni ilikusudia kumtoa: msafi, mchapakazi, mwenye Kifaransa kizuri na imani kwamba Ubelgiji ingewapokea Waafrika waliosoma kama ndugu. Mfalme Baudouin alipoitembelea Stanleyville mwaka 1955, Lumumba alipata nafasi ya kuzungumza naye. Mwaka uliofuata alipelekwa Ubelgiji kwa ziara ya mafunzo.

Kitabu cha gerezani

Aliporudi, Julai 1956, alikamatwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta. Alihukumiwa kifungo, na akaachiliwa mwaka 1957.

Katika kipindi hicho aliandika kitabu kuhusu hatima ya Kongo, ambacho kilichapishwa mwaka 1961 baada ya kifo chake. Wanaomjua Lumumba wa hotuba ya uhuru hushangaa wanapokisoma. Ndani yake hadai uhuru. Anatetea umoja wa Wabelgiji na Wakongo, na anaona kwamba haki za kisiasa zianze kupewa waliosoma. Kumpa kura mtu asiyejua kusoma na kuandika aliona ni hatari, sawa na kumkabidhi mtoto silaha.

Miaka minne baadaye angekuwa waziri mkuu kwa kura za watu hao hao.

Kutoka baa hadi jukwaani

Baada ya kifungo alihamia Léopoldville na kuajiriwa na kampuni ya bia ya Polar. Kazi yake ilikuwa kuitangaza na kuiuza, na kazi hiyo ilimpeleka mitaani na kwenye mabaa, mbele ya watu ambao hawakuwa na hati yoyote. Huko alijifunza kusema nao kwa lugha zao.

Oktoba 1958 alishiriki kuanzisha chama cha MNC, kilichotaka Kongo moja isiyogawanywa kwa makabila. Desemba mwaka huo alikwenda Accra, Ghana, kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote chini ya Kwame Nkrumah. Aliporudi alidai uhuru bila kuchelewa. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Januari 1959, ghasia zililipuka Léopoldville, na Ubelgiji ikaanza kulegeza kamba.

Mabadiliko hayo hayakutokana na darasa jipya. Tangu siku alipopewa hati hadi siku alipopanda jukwaani, kiwango chake cha shule kilibaki kile kile. Alichokuwa amekiona ni kwamba hati haikumtoa kwenye foleni ya watu weusi, na kwamba mshahara wa karani Mwafrika haukufanana na wa Mbelgiji wa kazi hiyo hiyo.

Nchi bila daktari

Novemba 1959 alikamatwa tena, baada ya machafuko ya Stanleyville. Januari 1960 alitolewa gerezani ili ahudhurie mkutano wa Brussels uliopanga uhuru uwe tarehe 30 Juni.

Katika uchaguzi wa Mei 1960 walipiga kura wanaume wote watu wazima, wawe wamesoma au la. Wanawake hawakuruhusiwa. MNC ya Lumumba ilipata viti 33 kati ya 137 vya bunge la taifa, zaidi ya chama kingine chochote. Huku Kivu, chama cha CEREA kilipata viti 10, na kiongozi wake Anicet Kashamura akawa waziri wa habari katika serikali ya Lumumba.

Nchi aliyoirithi haikuwa na daktari hata mmoja Mkongo, wala ofisa wa jeshi. Waliokuwa na shahada za chuo kikuu hawakuzidi 30. Miongoni mwao, Justin Bomboko alikuwa waziri wake wa mambo ya nje, na Thomas Kanza mwakilishi wake Umoja wa Mataifa.

Wiki haikupita kabla askari hawajaasi dhidi ya maofisa wao Wabelgiji. Tarehe 11 Julai Katanga ilijitenga chini ya Moïse Tshombe. Tarehe 5 Septemba Rais Joseph Kasavubu, aliyewahi kusomea upadri, alimwondoa Lumumba madarakani. Bomboko alitia saini yake chini ya amri hiyo. Kanza alibaki upande wa Lumumba. Wote wawili walikuwa wamesoma vyuo vikuu vya Ubelgiji.

Serikali ya wanafunzi

Tarehe 14 Septemba Kanali Joseph Mobutu, ambaye Lumumba mwenyewe alimteua kuwa mnadhimu mkuu wa jeshi, alitangaza kuwasimamisha wanasiasa wote. Nchi aliikabidhi kwa baraza la makamishna, vijana waliokuwa wametoka chuo kikuu au bado wanasoma. Bomboko aliliongoza.

Kwa Wabelgiji na Wamarekani, hao walikuwa watu wa kuaminika. Wengi wao waliamini kwamba siasa imewashinda wenye maneno mengi na vyeti vichache, na kwamba sasa ni zamu ya wenye ujuzi. Ni wazo ambalo Lumumba wa mwaka 1956 angelielewa vizuri sana.

Mwishoni mwa Novemba Lumumba alitoroka kuelekea Stanleyville, akakamatwa njiani. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga kwa ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Makamishna wawili wa baraza hilo la wasomi walisafiri ndani ya ndege hiyo, huku wafungwa wakipigwa. Usiku huo wote watatu waliuawa kwa risasi, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Lumumba alikuwa na umri wa miaka 35.

Kutoka Luvungi hadi Stanleyville

Kivu ilikuwa tayari ndani ya mgogoro huo. Desemba 1960 wafuasi wa Lumumba waliishika Bukavu. Siku za kwanza za Januari 1961, askari wa Mobutu walipitishwa Usumbura, Bujumbura ya leo, ng'ambo ya Uvira, ili waikomboe, wakashindwa.

Mwaka 1964 Gaston Soumialot alitumia mji huo huo kama kituo cha kuandaa uasi. Katika bonde la Ruzizi alimkuta Musa Marandura, kiongozi aliyekuwa na ugomvi wa muda mrefu na Mwami Henri Simba wa Wafulero. Mambo ya ardhi, madaraka ya mwami na ahadi za uhuru zisizotimizwa yaliungana chini ya jina la Lumumba. Juni mwaka huo Mobutu alijipatia sifa kwa mapigano ya Kamanyola, hatua chache kaskazini mwa Luvungi. Mwaka uliofuata Che Guevara, daktari kutoka Argentina, aliingia Fizi kuwasaidia wapiganaji walioamini kwamba maji ya mganga huzuia risasi. Daktari huyo na wapiganaji hao walikuwa upande mmoja.

Uasi ulipofika Stanleyville, Agosti 1964, jambo chungu zaidi lilitokea. Waasi waliwakusanya makarani, watumishi wa serikali na watu wengine waliosoma, wakawaua hadharani mbele ya mnara wa Lumumba. Kwao, aliyevaa tai na kujua Kifaransa alikuwa msaliti. Ni mjini humo humo Lumumba alipokuwa karani wa posta, amevaa tai, akiongoza chama cha waliosoma.

Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake, mabaki pekee yaliyopatikana baada ya mwili wake kuyeyushwa kwa asidi, nalo likazikwa Kinshasa. Tarehe 17 Januari ni siku ya mapumziko nchini kote, na katika njia ya Luvungi, kama kwingineko Kongo, wanaolitaja jina lake ni maprofesa na wachuuzi, wakulima wa mpunga na mawaziri. Yeye mwenyewe alikufa akiwa na cheti cha shule ya posta.